Raj Kapoor kwa Macho ya Likoni

Mimi nilimjua mjukuu kabla ya kumjua babu. Ranbir Kapoor, yule wa Animal, ile picha ya Desemba 2023 yenye urefu wa saa 3 na dakika 21, na kwa maoni yangu saa moja na nusu ingetosha. Kwenye vibanda vya video vya huku Likoni ilishangiliwa kama mechi. Kuna kijana wa kitajiri, baba yake ana kampuni ya chuma, baba hana muda naye, basi kijana anaua watu bila hesabu ili baba amtazame usoni. Hadithi ndiyo hiyo, hakuna nyingine. Damu ndiyo kila kitu: mtoto wa fulani ni mtoto wa fulani, na dunia yote iliyobaki ni ya kupigwa shoka.

Siku chache baadaye nikasoma kwamba babu yake huyu Ranbir, Raj Kapoor, alipokuwa na miaka 27 alitengeneza picha nzima ya kubisha jambo hilohilo. Awaara, ya 1951. Sisi huku Pwani tunaiita Awara tu. Hilo ndilo lililonivuta. Nikanunua bando, nikaanza kutazama picha zake moja moja usiku, wakati ambapo intaneti ina huruma kidogo. Awaara, Shree 420, Jagte Raho, Sangam, Bobby, Satyam Shivam Sundaram, Ram Teri Ganga Maili. Mera Naam Joker nilifika nusu nikalala, nikaimalizia kesho yake kwa sababu ya heshima.

Niseme mapema ninalotaka kusema, usije ukasubiri mpaka chini. Pwani ilimpenda Raj Kapoor kwa nyimbo na mapenzi, lakini ile kesi ya Awara ikaiacha kwenye kiti cha sinema. Na kesi ile ilikuwa yetu sisi watu wa ng'ambo, wa Likoni na Kisauni na Changamwe, kuliko ya mtu mwingine yeyote.

Kwa asiyemjua: alizaliwa tarehe 14 Desemba 1924 mjini Peshawar, ambao leo uko Pakistan. Baba yake, Prithviraj Kapoor, alikuwa mwigizaji mkubwa wa jukwaani na wa sinema. Mwaka 1948, kijana hajafika hata miaka 24, akaanzisha kampuni yake ya R.K. Films na kutoa picha yake ya kwanza, Aag, akiiongoza mwenyewe na kuiigiza mwenyewe. Mwaka uliofuata ikaja Barsaat, na kutoka picha hiyo ndiyo ikatolewa nembo ya kampuni: mwanamume mkono mmoja kamshika mwanamke, mkono wa pili fidla. Ukiitazama nembo ile sasa ni kama aliandika wasifu wake wote mapema. Mapenzi upande huu, muziki upande ule. Mkono wa tatu wa kushika kesi hakuwa nao.

Nyanya yangu anamkumbuka kwa mikono hiyo miwili. Nilipokuwa natazama Awara sebuleni, alitoka jikoni kabla hata sijamwita. "Hiyo si Awara hiyo? Wamjua Raj Kapoor weye?" Akakaa. Nyimbo anazijua zote, Kihindi hajui hata cha kuombea maji. Akanieleza jinsi walivyokuwa wakienda mjini wakiwa wasichana, shangazi mmoja mbele na wao nyuma, buibui jipya, njugu za kuficha kwenye mkoba.

Mjini, kwa sababu majumba yanayotajwa na wazee wetu yalikuwa kisiwani: Regal, Majestic, Naaz, Lotus, Kenya. Mtu wa Likoni alivuka kwa feri, ambayo imekuwapo tangu 1937. Mtu wa Kisauni alipita lile daraja la kuelea la Nyali, lililowekwa 1931 na kutumika mpaka daraja la zege lilipofunguliwa 1980. Wa Changamwe alipitia Makupa. Kwa hivyo hata kabla taa hazijazimwa, mtu wa ng'ambo alikuwa ameshalipa kitu ambacho mwenye kukaa Makadara hakukilipa. Na picha ikichelewa kwisha, wewe ndiye wa kukimbia. Nyanya anasema kuna mwisho wa picha nyingi tu ambao yeye hakuuona mpaka leo.

Mwanahistoria Laura Fair aliwahoji Wazanzibari kuhusu picha za Kihindi za miaka ya 1950 na 1960, na Awara ndiyo iliyotajwa sana. Waliikumbuka kama picha ya mapenzi. Je, ni haki mtu kumchagua anayempenda? Raj na Rita wametoka tabaka mbili, je, wataoana? Vijana walitoka sinema wakijadili ndoa, si mahakama. Nyanya yangu naye ni vivyo hivyo. Nilipomwuliza Awara inahusu nini, alijibu bila kusita, "Yahusu mtu kupendwa ilhali hana kitu."

Nyimbo nazo zilivuka maji zikaolewa huku. Taarabu ya Mombasa ina deni kubwa kwa picha za Kihindi, na hakuna aliyelitumia deni hilo vizuri kama marehemu Juma Bhalo, aliyefariki Aprili 2014. Mahadhi ya Kihindi, maneno ya Kimvita, mengi yakiwa yametungwa na binamu yake, malenga Ahmad Nassir. Mtu aweza kulia harusini kwa wimbo ambao asili yake ni mwigizaji anayezunguka mti Bombay. Na usidhani Wahindi nao walitoa kila kitu mfukoni mwao. Ile ndoto ya Awara, karibu dakika tisa za mawingu, ngazi na moshi, ina wimbo ambao mahadhi yake yalichukuliwa kutoka kwa Umm Kulthum, wimbo wa filamu yake ya Wedad ya 1936. Cairo kwenda Bombay, Bombay kuja Mombasa. Ukimsikia mtu akibishana wimbo fulani ni wa nani, muulize ana saa ngapi za kupoteza.

Lakini tuiache ndoto. Turudi kizimbani, maana Awara inaanzia kizimbani.

Kuna jaji, Raghunath, mtu mwenye jina. Ana imani moja: mtoto wa mtu mwema huwa mwema, mtoto wa mwizi huwa mwizi. Kwa imani hiyo alimfunga kijana aitwaye Jagga kwa kosa la kubaka. Ushahidi wa maana hakuna. Ila baba yake Jagga alikuwa mhalifu, basi ikatosha. Jagga akatoroka, akawa jambazi wa kweli sasa, akaja kulipiza. Akamteka mke wa jaji, Leela. Alipogundua ana mimba akamrudisha salama, akijua sumu imeshaingia nyumbani. Na kweli. Majirani wakanong'ona, jaji akaingiwa na shaka mimba ni ya nani, akamfukuza mkewe usiku wa mvua. Mtoto akazaliwa njiani. Huyo mtoto ndiye Raj. Akakulia kwenye mitaa ya mabanda Bombay, akafukuzwa shule, akaiba mkate mama yake alipokuwa mgonjwa, akafungwa. Na aliyemlea kwenye wizi ni Jagga mwenyewe, kwa makusudi, ili amwonyeshe jaji kwamba hata damu ya jaji ikilala na njaa itaiba.

Watu wa Magharibi wamezoea kusema Raj Kapoor aliiga Charlie Chaplin, zile suruali fupi na kofia. Sawa, aliiga, wala hakuficha. Lakini Chaplin hakuwahi kujenga kesi kama hii. Mwandishi wa hadithi, K. A. Abbas, alikuwa mtu wa mrengo wa kushoto na alijua anachofanya: unamchukua mtoto wa jaji, unampeleka mtaani, unasubiri. Ndiyo maana picha ile ilivuka mpaka Urusi ya Kisovyeti na Uturuki, watu wakaiimba bila kujua lugha, kama nyanya yangu.

Sasa mimi natazama nikiwa Likoni, nasikia maneno ya jaji kama kitu cha jana. Nina rafiki wa Mlaleo, Kisauni. Akiwa kwenye usaili wa kazi akiulizwa anakaa wapi, anajibu "Nyali". Si uongo mkubwa sana, maana mpaka kabla ya uchaguzi wa 2013 Nyali na Kisauni zilikuwa eneo bunge moja. Lakini anajua anachokikwepa. Likitokea tukio moja la vijana wenye mapanga, na yametokea, usiku uleule kila kijana wa umri wetu anageuka mshukiwa. Msako ukipita, swali la kwanza ni unatoka wapi, la pili ni wewe mtoto wa nani. Ukitaja jina la kaka fulani ambaye alishawahi kushikwa, umekwisha, hata kama mna miaka mitano hamjasalimiana. Na si askari tu. Mama mwenye duka anakuuzia mkate kupitia nondo, jicho kwenye mkono wako. Jaji Raghunath hana haja ya joho. Yumo kwenye matatu, yumo kwenye makundi ya WhatsApp ya majirani, yumo hata ndani ya wazazi wetu wanaposema usitembee na yule, babake alikuwa hivi na hivi.

Ndiyo maana Awara inanifurahisha na kuniudhi kwa pamoja. Inafurahisha kwa sababu inamshika jaji shati. Rita, mwanasheria, ambaye jaji huyo huyo ndiye mlezi wake, anasimama kumtetea Raj na kumhoji mlezi wake mahakamani. Nargis pale ni moto. Halafu Raj akipewa nafasi ya kusema, haombi huruma yake mwenyewe, anasema kuhusu watoto maelfu wanaokulia kwenye mitaro kama yeye. Mwaka 1951, India ina miaka minne tu ya uhuru, kijana anasema hayo kwenye picha ya kuuza tiketi. Heshima yake.

Inaniudhi kwa sababu ili tumlilie kijana wa mtaani, ilibidi awe mtoto wa jaji. Hebu fikiria. Hoja ni kwamba damu haina maana, lakini mwili wa kubebea hoja umechaguliwa kwa damu. Tunamhurumia Raj kwa sababu tunajua siri: huyu si wa huku, huyu ni wa kule, amepotea njia. Je, angekuwa mtoto wa Jagga? Hayo machozi yangetoka? Na Jagga mwenyewe, aliyehukumiwa kwa jina la baba yake, anapewa nini na picha? Anapewa cheo cha adui. Anacheka vibaya, anavuta kisu, anakufa, sinema inapiga makofi.

Kuna kitu kingine nisikipite. Kuna mahali Raj anampiga kofi Rita, na Rita anaishia miguuni pake, na picha inaona hayo ni mapenzi. Nyanya alikaa kimya pale. Mimi nikakumbuka Animal, ambayo ina mambo hayo kwa kipimo cha gunia. Mjukuu hakuyaokota barabarani.

Kama una nafasi ya kutazama moja tu, mimi nitakushangaza: usitazame Awara. Tazama Jagte Raho, ya 1956. Hakuiongoza yeye, iliongozwa na Sombhu Mitra na Amit Maitra, ila aliitoa kwa kampuni yake na kuigiza. Mshamba anaingia jiji kubwa usiku, ana kiu. Anaingia kwenye jengo la maghorofa kutafuta maji ya kunywa. Mtu anapiga kelele: mwizi! Basi. Usiku kucha jengo zima linamwinda. Yeye anakimbia chumba hadi chumba, na kila chumba anachojificha anaona mwizi wa kweli: huyu anachapisha noti bandia, yule anamwibia mkewe vito, mwingine anapika pombe ya magendo. Mabwana wenye tai ndio wezi, na ndio walioshika rungu kumtafuta mwizi. Mtu wetu hasemi karibu neno lolote mpaka mwishoni.

Mtu wa Mombasa haelezwi neno hilo. Mwizi! Ukilisikia kwa nyuma yako unaangalia kwanza viatu vyako kama vinaweza kukimbia. Na kuhusu maji, sijui kama Bombay ya wakati ule walielewa kiu kama tunavyoielewa sisi tuliozungukwa na bahari. Maji ya Mombasa hutoka mbali, Mzima, Marere, Baricho, Tiwi, na yakifika kwetu yanafika kwa mkokoteni, mtungi wa lita 20, bei inategemea siku hiyo muuzaji ameamkaje. Mtu kuwindwa kwa sababu ya maji, huko kwetu hiyo si fumbo. Picha ile haikuuza India. Kwenye tamasha la Karlovy Vary, 1957, ikachukua tuzo kuu. Mwishoni kabisa anatokea mwanamke, anampa maji. Ni Nargis, na ndiyo mara yao ya mwisho pamoja kwenye picha ya R.K. Wakati ule mambo yao yalikuwa yanakwisha. Mwaka 1958 akaolewa na Sunil Dutt.

Shree 420, ya 1955, ndiyo iliyonichekesha zaidi. Raju anatoka Allahabad kwa miguu kwenda Bombay, ana shahada ya BA na nishani ya uaminifu. Nishani anaiweka rehani siku za kwanza tu. Shahada haitakiwi popote. Mimi chuo niliacha mwaka wa pili karo ilipogoma kuja, kwa hivyo nilimtazama Raju kwa jicho la mtu aliyeokoa miaka miwili. Analala kando ya barabara pamoja na watu maskini wenye roho nzuri, anampenda mwalimu, halafu anajifunza kwamba mjini ukiwa mwongo unavaa suti.

420 kilikuwa kifungu cha ulaghai kwenye Kanuni ya Adhabu ya India, iliyotumika huko mpaka 2024. Sheria hiyo haikuwa ya huko tu. Waingereza walitumia kanuni hiyo ya India hata hapa kwetu mpaka 1930, Kenya ilipopewa Kanuni yake ya Adhabu. Kuna miaka ambayo tapeli wa Mombasa alishtakiwa kwa nambari ileile aliyoshtakiwa tapeli wa Bombay.

Na utapeli wenyewe! Tajiri Sonachand, anayehutubia ufukweni kuhusu uzalendo, anatangaza nyumba kwa kila maskini kwa rupia 100. Watu wa kando ya barabara wanachanga, wanauza sufuria, wanapanga foleni na furaha. Nyumba hakuna. Sasa nipeleke hiyo picha Likoni, niitazame na mtu yeyote mwenye zaidi ya miaka arobaini, hata tafsiri hahitaji. Kiwanja kimoja kimeuzwa kwa watu watatu, kila mmoja ana karatasi yenye mhuri. Watu walikaa kwenye shamba la Waitiki, ekari 930, tangu fujo za 1997, wakikaa kama wageni kwenye nyumba walizojenga wenyewe, mpaka hati zikaanza kutolewa Januari 2016. Kwa kizazi kizima huku, karatasi ya ardhi ndiyo iliyokuwa picha ya mapenzi: utapata, hutapata, atakuja, haji.

Shree 420 nayo ina mwisho wa kisinema, tapeli anafichuliwa, maskini wanaambiwa waungane waidai serikali nyumba. Ni hotuba tu, najua. Lakini angalau adui wa picha ile ni mtu mwenye hatia.

Na hapo, kwa mtazamo wangu, ndipo Raj Kapoor ninayemtaka mimi anapoishia. Yaliyobaki nitayapita haraka. Sangam, 1964, rangi, Ulaya, karibu saa nne, marafiki wawili na mwanamke ambaye hakuna anayemuuliza. Nzuri kwa macho. Yule mzururaji wa Bombay sasa ni rubani mwenye ndege. Mera Naam Joker, 1970, alitumia miaka sita na pesa zake zote kutengeneza picha ya saa nne na zaidi kuhusu mchekeshaji ambaye hapendwi anavyostahili. Yaani yeye. Ilianguka vibaya, karibu imfilisi. Siku hizi watu wanaisifu kama kazi kubwa iliyoonewa. Mimi naona ni mtu anayejililia mbele ya kioo, na kioo kinakubali. Bobby, 1973, ikamwokoa: akamweka mwanawe Rishi na msichana mpya Dimple Kapadia, watoto wanapendana wazazi wanakataa. Inakwenda mbio, ina nyimbo, niliipenda bila aibu. Halafu Satyam Shivam Sundaram, 1978, inayokuhubiria kwamba uzuri ni wa roho huku kamera haimtoki Zeenat Aman mwilini hata sekunde mbili. Ram Teri Ganga Maili, 1985, ni mahubiri yaleyale chini ya maporomoko ya maji. Alifariki tarehe 2 Juni 1988. Alikuwa amezidiwa na pumu kwenye hafla ya kupokea tuzo ya Dadasaheb Phalke, hakupona.

Desemba 2024 alitimiza miaka mia tangu kuzaliwa, na picha zake kumi zikarudishwa kwenye majumba ya sinema ya India. Studio yake ya Chembur haikuwapo kusherehekea. Iliungua 2017, mavazi na kumbukumbu zikaenda na moto, familia ikaiuza kwa kampuni ya ujenzi. Pamejengwa maghorofa ya kifahari. Huko Mombasa nasi tunajua kuuza sinema, kwa hivyo sina la kuwasema. Ila nyumba za rupia 100 nina hakika hazimo.

Jambo la familia nalo halinitoki. Kwenye Awara, jaji Raghunath ni Prithviraj, baba mzazi wa Raj. Raj mdogo ni Shashi, ndugu yake. Na yule mzee anayekaa juu kama jaji wa kesi ya mwisho ni babu yao, Basheshwarnath. Vizazi vitatu vya ukoo mmoja vimekusanyika kuiambia dunia kwamba ukoo si kitu. Halafu wakaja Rishi, wakaja Karisma na Kareena, akaja Ranbir na shoka lake. Sisemi hawana vipaji. Kareena ana kipaji. Lakini mtoto wa mwigizaji akawa mwigizaji, na hakuna jaji aliyeona hilo ni ushahidi wa chochote.

Juzi nilipeleka laptopu maskani, Mtongwe, nikawawekea jamaa Awara. Tulikuwa tisa. Walilalamika haina rangi, wakalalamika haina DJ Afro wa kuwatafsiria, kwa hivyo nikawa DJ Afro mimi, nikisoma yale maandishi ya chini kwa sauti na kuongeza chumvi pale inapohitajika. Kwenye ndoto wawili wakaondoka. Kufika mahakamani tumebaki watano. Walimpenda Rita. Walimcheka jaji kwa jinsi anavyokaza shingo. Raj akahukumiwa miaka mitatu, Rita akaahidi kumngoja, tukadhani ndiyo imekwisha, mtu akainuka kutafuta chai.

Mmoja akabaki amekaa. Ni mtu wa maneno machache. Kaka yake ana kesi ambayo imeahirishwa mpaka watu wameacha kuhesabu. Akauliza, "Na Jagga? Ile kesi yake ya kwanza, ya kubambikiwa, waliifungua tena?"

Nikamwambia Jagga ameshakufa pale katikati, si ulimwona.

"N'najua amekufa. Nauliza kesi."

Nikarudisha nyuma. Tukatazama tena sehemu yote ya mahakama, taratibu, mimi nikisoma kila mstari. Jaji anamtambua mwanawe. Anajuta kwa ajili ya mkewe. Anajuta kwa ajili ya Raj. Jina la Jagga likitajwa, linatajwa kama mtu aliyeuawa. Betri ikabaki asilimia nne, nikafunga.